Bega la Ogutu

Kwa miaka mitatu Zein Abubakar hakumruhusu mtu asimame nyuma yake. Msikitini kwao, Mji wa Kale, alifika mapema kuliko wengi, kisha akajibanza kando na kujifanya anapanga viatu mpaka safu zijae, ndipo ajipenyeze safu ya mwisho, nyuma yake pasiwe na kitu ila ukuta. Watu wakamhesabu mnyenyekevu. Kwa muuza kahawa alikalia kiti kimoja tu, cha pembeni, kilichoegemea ukuta, na akikikuta na mtu alikunywa kahawa yake wima, mgongo ameubana kwenye nguzo. Wenzake walimtania kwamba anaogopa kuibiwa mfukoni, na mfuko wenyewe hauna kitu. Alicheka nao. Wangejua kwamba mtu mzima yule, mwenye miaka arobaini na minane na ndevu zilizokwisha kuchanganya rangi, alikuwa anaogopa mkono, sijui kama wangecheka.

Mkono wenyewe ulikuja na radi. Ngurumo ya kwanza ikipiga upande wa Kilindini, Zein alihisi kiganja kikitua juu ya bega lake la kushoto, kikabana, kikaachia, kikabana tena. Mara mbili, taratibu, bila hasira. Kule kukosa hasira ndiko kulikomtesa. Ungekuwa mkono wa kumkaba angejua pa kuupeleka. Na kuupeleka alijaribu: alikwenda kwa mwalimu mmoja anayeheshimika mtaani, akasomewa, akanywa kombe, maji yaliyooshewa aya, siku saba mfululizo. Siku ya nane mvua ikanyesha, na mkono ukaja kama ada yake.

"Weye una nini na hilo bega?" mkewe Aida alimwuliza mara moja, wamekaa ukumbini, maji ya mlizamu wa paa yakimwagika uani kwa kishindo. "Kila kukinguruma wajipangusa."

"Maji."

"Mvua i nje, bwana. Wewe u ndani na mimi."

Zein akasema huenda paa linavuja. Aida alitazama juu, dari ni kavu, akamtazama yeye, kisha akarudia kofia aliyokuwa akiidarizi. Hakuuliza tena, lakini hakuamini pia.

Ili ujue mkono ule ulitoka wapi, yafaa uijue kazi ya Zein. Alikuwa msimamizi wa kikosi kwenye kampuni inayohudumia ndege zikiwa chini, kule kiwanjani, ng'ambo ya Makupa. Ndege ikishafungwa milango, rubani huwa kama mtu aliyebeba furushi kifuani: mbele anaona, chini ya miguu yake haoni kitu. Kwa hivyo mtu mmoja husimama chini ya pua ya ndege, amevaa hedseti iliyounganishwa na tumbo la ndege kwa kamba ndefu, akimwambia rubani afunge breki, aachie breki, trekta linasukuma, trekta limesimama. Hedseti zile huziba masikio barabara. Aliyezivaa hasikii dunia, humsikia rubani peke yake.

Shida ni ile kamba. Umeme wa radi ukipiga mkia wa ndege, abiria hawana neno. Unatambaa juu ya bati ukitafuta ardhi. Kamba ndiyo njia yake ya mkato, na mwisho wa kamba pana kichwa cha mtu. Ndiyo maana mawingu yakianza kumetameta karibu, king'ora hulia, na kila mtu huacha alichoshika akakimbilia chini ya paa. Mwenye hedseti naye humwambia rubani kwamba anakata mawasiliano, huchomoa kamba na kuondoka. Ila king'ora hakisikii. Basi kila kikosi kina mtu wa bega. Yeye husimama hatua kumi na mbili nyuma ya mwenye hedseti, na king'ora kikilia humwendea na kumbana bega mara mbili. Ukiguswa huulizi wala hugeuki kuangalia ni nani. Unachomoa, unakwenda.

Na sheria ile ilikuwa na upande wa pili, uliokaziwa zaidi: mwenye hedseti haondoki mpaka aguswe. Hata akiuona umeme kwa macho yake. Zamani mmoja aliwahi kujiamulia, akachomoa kamba wakati breki zimeachiwa na rubani hana habari, ndege ikajiendea yenyewe ikalibana trekta na dereva wake ndani. Tangu hapo hakuna kujiamulia.

Ogutu alivaa hedseti miaka tisa. Alikuja Mombasa kutoka bara akiwa kijana, akabeba mizigo gatini Mbaraki mpaka siku kreti lilipomwangukia, likamwulia bega la kulia. Bega lilipona kwa nje, ndani likabaki ganzi. Alilifanya kichekesho. Kila aliyepangiwa kuwa mtu wake wa bega alipewa hotuba ile ile siku ya kwanza: "Hili la kulia usilisumbue, lilistaafu bandarini. Bisha hodi kushoto, huko ndiko kuna mwenyewe." Zein alipewa hotuba hiyo, na kwa miaka minne alimgusa bega la kushoto kila mvua ya masika, na Ogutu alikohoa kidogo kusafisha koo kama alivyozoea kabla ya kusema na rubani, akaaga, akachomoa, wakakimbia pamoja wakicheka.

Mpaka ile Jumatano ya mwezi wa tano. Ilikuwa ndege ya saa tisa ya kwenda Nairobi, na mvua ilikuja kwa ghafla kama iliyotumwa. Kenga, dereva wa trekta, alikuwa kibandani mwake, vioo vimefunga ukungu. King'ora kikalia. Watu wakatimua mbio, vichwa chini, hakuna aliyetazama nyuma. Zein akaanza kumwendea Ogutu, na hatua zile amezihesabu mara nyingi mno tangu hapo kiasi kwamba hazimpotei: moja, mbili, tatu, mpaka ya saba. Kwenye ya saba radi ikapiga mlingoti wa taa uliokuwa kando, kila kitu kikawa cheupe, na miguu yake ikageuka. Hakuamua. Alijikuta chini ya paa anahema.

Akatazama nyuma. Ogutu alikuwa amesimama pale pale mvuani, miguu ameitanua kidogo, mkono mmoja kwenye kamba, kichwa wima kama mtu anayesikiliza kwa makini. Zein alijiambia: sasa nirudi. Alijiambia hivyo kwa muda wa kutosha kusema bismillahi mara tatu. Kisha umeme ukashuka kwenye mkia.

Kesho yake mtu wa ofisini alikuja na kalamu. Alimwuliza, "Ulimgusa?" na kinywa cha Zein, ambacho tangu jana hakikuwa kimetiwa chakula, kikajibu kwamba alimgusa. Mara mbili? Mara mbili. Naye akafanya nini? Hakuitikia. Mtu yule akaandika. Mazungumzo hayakuchukua hata dakika tano. Ripoti ikasema marehemu alipuuza ishara ya mwenzake, na baada ya mwezi kampuni ikabandika tangazo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, herufi nyekundu: USIPUUZE MGUSO. Kila asubuhi Zein alivaa buti zake chini ya tangazo hilo, na hakuwahi kuliinulia macho.

Sasa miaka mitatu imepita, masika yamerudi, na Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri mjane wa Ogutu akabisha mlangoni kwa Zein. Jina lake Nekesa. Alikuwa amevuka kisiwa kutoka Mbaraki kwa miguu, viatu vimejaa matope, na hakuwahi kufika nyumba ile kabla. Zein alimkaribisha ukumbini, akamchagulia kiti cha mbele yake, yeye akarudi kwenye ukuta wake. Aida akaleta chai na mahamri, akaulizia hali ya nyumbani na ya watoto, akajua kwamba mgeni ana lake, akaondoka.

"Bwana Zein, sitakuweka sana," Nekesa alianza. "Rosebella amepata kazi kwenu. Anaanza Jumatatu. Wamempa hedseti."

Zein akasema alhamdulillahi, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Mafunzo walifundishwa wiki mbili. Yule mwalimu wao hakujua ni mtoto wa nani. Akawaeleza habari ya mzee mmoja mkaidi aliyeguswa mara mbili akakataa kuondoka, akawaonyesha na lile tangazo. Jina halikutajwa. Lakini mtoto anajua." Nekesa alizungusha kikombe bila kunywa. "Alirudi nyumbani, akaitoa picha ya babake ukutani, akaifungia kabatini imelala kifudifudi. Akaniambia, mama, alichagua. Aliguswa, akachagua kubaki, akatuacha. Tangu siku hiyo hataki kulisikia jina lake ndani ya nyumba."

Nje, vijana wa kutembeza wageni walikuwa wakirudi kutoka Ngome wakizungumza kwa sauti, na Zein alitamani mmoja wao aingie kwa bahati mbaya.

"Nimekaa na mtu yule miaka ishirini na miwili," Nekesa akaendelea. "Mlevi kidogo, sawa. Mpenda mzaha kupita kiasi. Mkaidi hakuwa. Nimefikiri mpaka nimechoka, nikabaki na jambo moja. Bega lake la kulia lilikuwa limekufa, nzi akitua hajui. Nimekuja nikuulize hilo tu, na unijibu kama unavyomwogopa Mungu wako. Ulimgusa bega gani?"

Ukweli ulimfika Zein mdomoni. Aliuhisi pale, mfupi, neno moja. Akamtazama mama yule aliyetembea na matope kutoka Mbaraki kuja kutafuta kitu kidogo cha kumrudishia mtoto babake, na akaona kwamba kitu hicho anacho mkononi, anaweza kumpa sasa hivi, na yeye mwenyewe akabaki salama. Atalaumiwa kwa kusahau. Kusahau si kosa la kumnyima mtu usingizi.

"La kulia," alisema.

Nekesa alijifunika uso kwa ncha ya leso. Mabega yakamtikisika, na Zein hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipojifunua, akamwona anafanya yote mawili.

"Basi hakuhisi."

"Hakuhisi."

"Nawe ulisahau kwamba limekufa."

"Nilisahau, mama Rose. Mvua ilikuwa kubwa."

"Nimekusamehe. Binadamu husahau." Akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na Zein aliona haya mpaka masikio yakamwaka. "Mwambie Rosebella wewe mwenyewe. Kwangu ataona ni mapenzi yananisemesha. Kwako ataamini."

Zein akamwahidi. Akamsindikiza mpaka nje, akasimama kizingitini kumtazama akikata kona. Mbingu zilikuwa safi, hakuna wingu hata moja, wala ngurumo. Hapo mkono ukaja. Ulitua bega la kulia, kwa mara ya kwanza, na haukubana mara mbili. Ulibana mara moja, na haukuachia.

Aliubeba siku tatu. Ijumaa aliswali akiwa amepinda upande. Jumamosi Aida alimpaka mafuta ya karafuu na kumwambia bega moja limeshuka kuliko jingine, akapime hospitali. Jumapili hakutoka nyumbani. Alitaka kwenda kwa mwalimu akasomewe tena, akaona aibu, maana safari hii alijua vizuri amefanya nini, na hakuna kombe la kufuta hilo.

Jumatatu alimkuta Rosebella ndani ya basi la wafanyakazi, amekaa dirishani, sare yake bado ina mikunjo ya kiwandani. Mfupi, mweusi, macho ya babake. Binti alisogea, akampisha nafasi.

"Sabalkheri, Ami Zein."

"Sabalkheri, mwanangu."

Alimwambia walipokuwa wakikaribia Makupa, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa: bega la kulia, alisahau, kosa ni lake. Rosebella aligeuka kutazama nje. Walipita Kibarani, pale palipokuwa jaa la taka enzi za utoto wake, na aliendelea kutazama hata palipokuwa hapana tena cha kutazamwa. Walikuwa wamekaribia lango la kiwanja alipokohoa kidogo kusafisha koo. Kikohozi kile kilimpasua Zein moyo.

"Kwa hivyo baba alisimama tu, hana habari."

"Naam."

"Nimemkasirikia bure." Alijifuta jicho kwa kifundo cha kidole. "Leo mtu wangu wa bega ni nani?"

"Mimi."

"Basi usihangaike, Ami. Langu gusa lolote. Yote mazima." Akatabasamu, na Zein ilibidi atazame viatu.

Asubuhi ilikwenda bila matata. Binti alikuwa hodari. Sauti yake haikupanda wala haikushuka, na marubani walimjibu kama mtu wa siku nyingi. Lakini kufikia saa nane mawingu yalikuwa yamekaa juu ya bandari, mazito, na upepo ukaanza kuviringisha mifuko ya plastiki chini ya mbawa. Ndege ya saa tisa ya kwenda Nairobi ilifunga milango. Kenga alipanda trektani. Rosebella akachomeka kamba, akasimama chini ya pua ya ndege, na Zein akarudi nyuma hatua kumi na mbili. Hakuhitaji kuzihesabu.

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi. Kisha ikamwagika. Kisha, kwa mbali, juu ya Mtongwe, mbingu ikametameta, na king'ora kikalia.

Watu wakakimbia. Kenga alizima trekta, akaruka chini, akampita Zein akimpungia aje. Zein akaanza kwenda upande wa pili. Moja. Mbili. Mvua ilimpiga usoni. Tano. Sita. Kwenye ya saba ngurumo ikapasuka juu ya kichwa chake, na miguu ikasimama.

Ikasimama kabisa. Aliiamrisha, ikakataa. Na hapo hapo ule mkono aliokuwa ameubeba tangu Alhamisi ukamwachia. Bega likawa jepesi. Nyuma yake hapakuwa na mtu, wala kiganja, wala pumzi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu mgongo wake ulikuwa wake peke yake, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko radi yenyewe. Alikuwa ameachwa. Hakuna wa kumsukuma, hakuna wa kumlaumu baadaye. Palikuwa na hatua tano, na mwisho wake binti amesimama mvuani, miguu ameitanua kidogo, mkono mmoja kwenye kamba, kichwa wima.

Zein alipiga kelele. Hakusema neno, ilikuwa kelele tu, ambayo hakuna aliyeisikia. Akaenda. Nane, tisa, na zile tatu za mwisho alizimaliza kwa kujitupa. Akamshika bega la kushoto, akabana kwa nguvu zote, akaachia, akabana tena.

Rosebella hakugeuka. Alikohoa kidogo, akamwambia rubani kwamba umeme uko karibu, anakata, watasemezana kwa ishara. Akachomoa kamba. Wakakimbia pamoja.

Umeme haukupiga ndege siku ile. Ulimalizia hasira zake kwenye maji ya Port Reitz, na ndege ikabaki pale imelowa, abiria wake wakichungulia vidirishani wakijiuliza kuna nini. Chini ya paa kikosi kizima kilisimama kikitiririka maji. Rosebella alikuwa anacheka kwa ile furaha ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

"Ami Zein, umenivunja," alisema akijipapasa bega. "Kwa kubana kule, hata lingekuwa limekufa ningejua. Mwili mzima umetikisika."

Akaendelea kujipapasa. Kisha mkono ukapunguza mwendo, ukasimama. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alimtazama Zein, akautazama uwanja, pale chini ya pua ya ndege, akamtazama tena.

"Baba ulimgusa hivi hivi?"

Kenga, aliyekuwa akikamua fulana yake, aliacha kukamua. Zein aliona kwamba bado ana nafasi. Angeweza kusema siku ile alimgusa polepole. Angeaminiwa. Lakini alikuwa amechoka kwa uchovu usioponywa na usingizi, na bega lake lilikuwa jepesi mno, na aliogopa kurudishiwa kile alichokuwa amekibeba.

"Sikumgusa," alisema.

"Bega la kushoto?"

"Hata moja. Nilifika hatua ya saba nikakimbia. Nilisimama hapa, mahali hapa, nikamwona amesimama. Sikurudi. Kesho yake wakaniuliza, nikasema nilimgusa. Na juzi mama yako akaniuliza, nikasema la kulia." Alijigusa kifua. "Ni mimi, Rosebella. Yeye hakupuuza kitu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kishindo. Zein alingoja kofi. Alilitamani hasa. Rosebella alibaki ametazama pale chini ya ndege, midomo ikimcheza kama mtu anayepiga hesabu.

"Basi hakuchagua," alisema mwisho.

"La."

"Wala si kwamba hakuhisi." Alivuta pumzi. "Alikuwa anakungoja."

Zein alikaa chini, pale pale kwenye saruji iliyolowa. Miaka mitatu alikuwa amelizunguka neno hilo. Alikuwa amejiita mwoga, mwongo, muuaji, yote hayo alijiita na yote aliyavumilia. Kwamba Ogutu alikuwa amesimama anamngoja yeye, kwa imani, bila wasiwasi, hilo hakuwahi kuthubutu kujiambia. Alilia mbele ya kikosi chake chote, mwenye mvi zake.

Baada ya nusu saa king'ora kikalia mara moja, kwa urefu, kuashiria kwamba hatari imepita. Rosebella aliokota hedseti yake, akaikung'uta maji.

"Inuka, Ami. Kuna ndege pale." Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya asubuhi. "Usimame nyuma yangu. Hatua kumi na mbili."

"Mimi tena?"

"Nani mwingine? Leo ulifika."

Walimaliza zamu hivyo, na ndege ya saa tisa ikaondoka saa kumi na dakika zake. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Rosebella alipanda juu ya benchi, akalibandua lile tangazo jekundu, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni. Hakuna aliyemzuia. Kenga alimshikilia benchi lisiyumbe.

"Kesho utakwenda ofisini ukaandike upya," Rosebella alimwambia Zein. "Nitakwenda nawe. Lakini leo kwa mama, nimempigia simu kwamba tunakuja. Utamwambia kwa mdomo wako, na utatangulia wewe."

Jua lilikuwa limetoka, limechelewa na halina makali, waliposhuka na kuingia vichochoro vya Mbaraki. Zein alitangulia. Nyuma yake alisikia viatu vya Rosebella vikikanyaga madimbwi, na hakusogea ukutani, hakumpisha apite. Shingo ilimsisimka njia nzima. Watu walikuwa wakitoa magodoro nje yakauke, na mama mmoja alimsalimu, naye akajibu bila kujua amejibu nini.

Mlango wa Nekesa ulikuwa wazi. Kutoka mbali aliona ndani: picha ya Ogutu imerudishwa ukutani, imefutwa kioo, na chini yake meza imetandikwa kitambaa cheupe na sahani za wageni. Zein alikuwa amepikiwa. Nekesa alipita mlangoni na sufuria mkononi, anaimba kwa pumzi, hajamwona bado. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri siku nne.

Miguu ya Zein ikasimama. Kutoka hapo mpaka kizingitini hapakufika hatua kumi na mbili. Kwa maneno mawili alimpa mama yule amani, na sasa amekuja kumnyang'anya, ampe jambo jingine lililo gumu kulishika. Alisikiliza viatu vya Rosebella, asivisikie. Labda naye alisimama. Labda alibaki nyuma kwenye kona, asitake kuuona uso wa mamake. Hakukunguruma, wala hapakuwa na mvua.

Kiganja kikatua juu ya bega lake la kushoto. Kikabana, kikaachia, kikabana tena, taratibu, bila hasira.

Zein hakugeuka kuangalia ni cha nani. Alisafisha koo, akaenda.